Ala za Muziki Ndani ya Ndege na Usalama wa Abiria



Kikundi kikipata mwaliko wa kwenda kutumbuiza Nairobi, Zanzibar, Dubai au Ulaya, mambo yanayoshughulikiwa kwanza ni pasipoti, viza na nauli. Ala hukumbukwa mwisho, mara nyingi asubuhi ya safari, mbele ya kaunta ya uwanja wa ndege. Hapo ndipo mvutano unapoanza. Mpiga udi anasema udi wake hauwezi kwenda chini pamoja na masanduku. Mhudumu anasema kasha limezidi kipimo. Walio nyuma kwenye foleni wanaanza kunung'unika, na saa ya kuondoka inakaribia.

Mwanamuziki ana sababu ya kung'ang'ania. Udi ni bakuli lililoundwa kwa vipande vyembamba vya mbao vilivyogandishwa kimoja kando ya kingine, na ubao wa mbele wenye unene wa milimita chache tu. Qanuni ina nyuzi zaidi ya sabini zilizokazwa juu ya kisanduku cha mbao ambacho sehemu yake moja imewambwa ngozi. Ala hizi zikivunjika, fundi wa kuzitengeneza hapatikani kila mtaa, na kazi iliyomvusha mtu bahari haiwezi kufanyika. Kuna chapuo na vumi ambazo zimepita mikono ya watu watatu au wanne kabla ya kumfikia anayezipiga leo. Mtu wa aina hiyo akisema "hii haishuki chini," si ukaidi.

Lakini mhudumu naye anasimamia jambo lisiloonekana pale kwenye kaunta. Kipimo cha begi la mkononi hakikuwekwa kwa ajili ya kukusanya ada tu, ingawa ada zipo na zinaudhi. Kiliwekwa pia kwa sababu ya kile kinachoweza kutokea ndani ya chumba chenye watu mia moja au mia tatu kikiwa angani, au katika dakika mbili za kwanza baada ya kutua vibaya.

Ndege ikisimama ghafla kwa kugonga kitu au kutoka nje ya njia yake, kila kisichofungwa huendelea kwenda mbele kwa mwendo uleule uliokuwapo. Abiria wa matatu wanalijua hili kwa kiasi. Kwenye ndege nguvu ni kubwa zaidi. Kanuni za Marekani za utengenezaji wa ndege kubwa za abiria zinataka vitu vilivyomo ndani vizuiwe visichomoke hata vikisukumwa mbele kwa nguvu mara 9 ya uzito wake. Viti vya abiria katika ndege za kisasa hujaribiwa kwa nguvu mara 16. Tuseme basi kuna ngoma ya kilo 8 imeachwa kati ya miguu ya mwenyewe. Kilo 8 mara 9 ni 72. Anayeketi safu ya mbele anagongwa mgongoni na kitu ambacho kwa muda huo kina uzito wa mtu mzima, tena chenye ukingo wa mbao ngumu.

Si lazima ndege ianguke ili jambo hili litokee. Tarehe 21 Mei 2024 ndege ya Singapore Airlines aina ya Boeing 777, iliyokuwa ikitoka London kwenda Singapore, ilikumbwa na msukosuko mkali wa hewa ikiwa juu ya kusini mwa Myanmar. Rubani alilazimika kutua Bangkok. Abiria mmoja alifariki na makumi ya wengine waliumia. Ripoti ya awali ya wachunguzi ilieleza kwamba katika muda wa sekunde 0.6 tu, nguvu inayombana mtu kitini iligeuka ikawa nguvu ya kumrusha juu, mara moja na nusu ya uzito wake. Waliokuwa hawajafunga mikanda wakapaa hadi darini. Sekunde nne baadaye wakaanguka chini. Vyombo, vikombe na mabegi vilifuata njia hiyohiyo. Wakati huo ndege ilikuwa nzima, injini zinafanya kazi, na watu wengine walikuwa wanasubiri kifungua kinywa.

Ndiyo maana Shirika la Kimataifa la Usafiri wa Anga, ICAO, ambalo Kenya ni mwanachama wake, linataka kila shirika la ndege lihakikishe mizigo yote iliyoingia na abiria imehifadhiwa mahali pake kwa namna isiyoweza kutoka. Mahali hapo ni pawili: ndani ya kabati la juu lililofungwa sawasawa, au chini ya kiti cha mbele. Magotini si mahali. Kwenye ujia si mahali. Nyuma ya kiti cha mwisho, ambako wapiga gitaa hupenda kupaulizia, si mahali isipokuwa mhudumu mwenyewe aseme panafaa na kuna kitu cha kufungia. Kabati la nguo ambalo ndege kubwa nyingine zinalo huko mbele linaweza kutumika kwa gitaa au fidla kama lina nafasi, na ni vizuri kuuliza kwa upole mtu anapoingia. Ila hiyo ni hisani, na hakuna anayeweza kuidai.

Kwa vipimo, mashirika mengi huruhusu begi la mkononi lenye urefu wa sentimita 55 hivi. Chivoti na nzumari huingia bila taabu. Kayamba huingia kama si ile kubwa. Kasha la fidla lina sentimita 80 hivi, kwa hiyo limezidi kwenye karatasi, ingawa ni jembamba na mashirika mengi hulikubali kwa sababu linalala vizuri kwenye kabati la ndege ya jeti. Udi na gitaa zimezidi kabisa. Qanuni inakaribia mita moja. Bumbumbu haifai hata kuulizwa.

Hapa kwetu kuna tatizo la ziada. Msafiri wa Kwale mara nyingi huanzia Ukunda au Mombasa kwa ndege ya rafadha, kisha hupanda jeti kubwa Nairobi. Makabati ya ndege za rafadha ni madogo. Kasha la fidla lililoingia vizuri katika ndege ya kwenda Ulaya linaweza kukataliwa katika ile ya dakika arobaini. Katika ndege ndogo kabisa za injini moja zinazotua viwanja vya pwani na mbugani, mashirika mengi huweka kikomo cha kilo 15 kwa mizigo yote ya abiria na hutaka mifuko laini isiyo na fremu ngumu. Hapo uzito wenyewe ni suala la usalama, kwa sababu rubani hupiga hesabu ya kila kilo na ya mahali ilipowekwa kabla ya kuruka. Kikundi chenye ngoma tano kubwa kitafanya vizuri kuzitanguliza Nairobi kwa treni ya SGR au kwa basi, zikasubiri huko.

Mwenye ala asiyetaka ishuke chini, na ambayo haiingii kabatini, ana njia ya tatu ambayo wapiga cello wa Ulaya wameitumia miaka mingi: kuilipia kiti. Tiketi ya pili hukatwa kwa ajili ya ala yenyewe. Ni gharama kubwa, lakini kwa qanuni moja ambayo ndiyo roho ya kikundi, wengine wameona afadhali. Tiketi hiyo haikatwi kimyakimya mtandaoni kwa jina la mtu; shirika lazima liarifiwe mapema kwamba kitakachokaa ni ala, kwa sababu kiti chake huchaguliwa kwa masharti. Huwa ni cha dirishani, ili abiria yeyote asizuiwe kutoka. Hakiwi kwenye safu ya mlango wa dharura. Ala haitakiwi kuficha taa za mkanda wala alama za mlango wa kutokea. Lazima iwe ndani ya kasha au kifuniko, na ifungwe mkanda, mara nyingi kwa mkanda wa kuongezea ambao mhudumu huuleta. Kuna waliofika mlangoni na tiketi mbili mkononi wakazuiwa kwa sababu sharti moja kati ya haya lilikosekana. Ni vyema kibali hicho kiandikwe na kichapishwe, kwa kuwa wanaokuwa mlangoni si wale waliopokea simu.

Ajabu moja ya lugha yetu ni kwamba kanuni ya ndege na qanuni ya taarab ni neno moja lililotoka Kiarabu. Mpigaji wake amezoea kukaza uzi kidogo kidogo mpaka ukae mahali pake, na kuusoma ukurasa wa masharti ya mizigo kunataka subira ileile.

Mfano wa nchi iliyoamua kuandika haya katika sheria ni Marekani. Mwaka 2012 Bunge la huko lilipitisha sheria ya usafiri wa anga yenye kifungu kinachohusu ala za muziki, na kanuni zake za utekelezaji zikaanza kufanya kazi tarehe 6 Machi 2015. Kwa mujibu wake, ala ndogo kama fidla au gitaa lazima ikubaliwe ndani ikiwa kuna nafasi salama ya kuiweka pale mwenyewe anapopanda. Nafasi ni ya aliyetangulia. Ala ikishawekwa, haiwezi kutolewa ili begi la aliyechelewa lipate mahali. Ala kubwa inaweza kulipiwa kiti ikiwa ndani ya kasha na uzito wake, pamoja na kasha, hauzidi pauni 165, yaani kilo 75 hivi. Sheria hiyo inayabana mashirika ya Marekani peke yake. Shirika la Kenya au la nchi za Ghuba halifungwi nayo, na msanii hawezi kuinukuu kwenye kaunta ya Mombasa akatarajia kusikilizwa. Hata hivyo inafundisha jambo la vitendo kwa safari yoyote: anayepanda mapema ndiye anayepata kabati. Kikundi kisikae mgahawani mpaka majina yaitwe kwa mara ya mwisho.

Kinyume chake kilionekana Uingereza mwaka 2006. Tarehe 10 Agosti polisi walitangaza kwamba wamezuia njama ya kulipua ndege kwa milipuko ya majimaji, na siku hiyohiyo mizigo karibu yote ya mkononi ikapigwa marufuku katika safari zinazoanzia nchini humo. Fidla za thamani ya nyumba zikatakiwa kushuka chini na masanduku. Wanamuziki wengi waliamua kusafiri kwa treni na meli, wengine wakaacha maonyesho. Vyama vyao vililalamika, na ilipofika Septemba ala ziliruhusiwa tena ndani. Katika wiki hizo hakuna afisa aliyekuwa na ubaya na muziki. Palitokea hatari, amri ikatoka, na ala zikaangukia upande wa mizigo kwa sababu hakuna aliyekuwa amezifikiria mapema.

Linalofuata ni zito zaidi, na vikundi vinaombwa kulizungumza nyumbani kabla ya safari, kwa sababu ndani ya ndege hakutakuwa na muda.

Ndege kubwa ya abiria hairuhusiwi kuuzwa kabla ya kuthibitishwa kwamba watu wote wanaweza kutoka ndani ya sekunde 90, gizani, huku nusu ya milango ikiwa haitumiki. Hesabu hiyo hufanywa kwa watu wanaotoka mikono mitupu. Mtu mmoja akisimama kufungua kabati la juu, ujia mzima nyuma yake unasimama. Akishuka na kasha gumu kwenye mtelezo wa dharura, ambao ni mpira uliojazwa hewa, pembe au kifungio cha kasha kinaweza kuupasua, na mlango huo ukawa haufai kwa waliobaki.

Tarehe 3 Agosti 2016 ndege ya Emirates iliburuzika kwenye njia yake uwanjani Dubai na kushika moto. Watu 300 waliokuwamo walitoka wote hai. Zimamoto mmoja alikufa akipambana na moto. Picha za simu zilizopigwa ndani zilionyesha abiria wakishusha mabegi yao kabatini huku wahudumu wakipiga kelele wayaache, na wachunguzi walilitaja jambo hilo katika ripoti yao. Tangi lililipuka dakika chache baadaye.

Tarehe 2 Januari 2024 ikawa zamu ya Haneda, Tokyo. Ndege ya Japan Airlines iliyokuwa ikitua iligongana na ndege ndogo ya walinzi wa pwani. Watano kati ya sita waliokuwa katika ile ndogo walikufa. Katika ile kubwa walikuwamo watu 379, kabati limejaa moshi, vipaza sauti vimekufa, na milango mitatu tu ndiyo iliyofaa kutumika. Wahudumu walitumia vipaza sauti vya mkononi na sauti zao wenyewe. Watu walitoka na nguo walizovaa. Wote 379 walinusurika, na ndege ikateketea ikabaki mabawa. Mizigo yote iliungua, na wanyama wawili wa nyumbani waliokuwa chini walikufa.

Kati ya watu 379 ni vigumu kuamini kwamba hakuna aliyekuwa na kitu asichoweza kukinunua tena. Mpiga udi akijiweka katika nafasi yao atajua ugumu wake. Mkono huenda juu wenyewe kabla akili haijafika. Kwa hiyo uamuzi hufanywa nyumbani: kiongozi wa kikundi anawaambia watu wake waziwazi kwamba ikitolewa amri ya kutoka, ngoma inabaki, udi unabaki, hata kile cha marehemu babu kinabaki. Anayerudi kwa ajili ya ala anaziba njia ya mama mwenye mtoto aliye safu tatu nyuma yake. Na asiwepo mtu wa kumlaumu mwenzake baadaye kwa ala iliyoachwa. Lawama za namna hiyo, au woga wake, ndizo zinazomrudisha kijana kabatini.

Kuhusu kupiga muziki ndani ya ndege, ambako vijana hupenda kurekodi kwa simu, jibu ni fupi. Ala zote huwa zimehifadhiwa wakati wa kuruka na kutua. Katikati ya safari ni juu ya rubani na wahudumu, na wakikataa, wana sababu: tangazo la dharura likitolewa lazima lisikike safu ya mwisho. Vikundi vinavyowapokea watalii uwanja wa Moi kwa ngoma na njuga vinapata ukumbi mzuri zaidi kwa kusubiri mlango wa nje.

Kama ala itashuka chini, basi ishuke ikiwa tayari. Kasha gumu lenye povu ndani ni bora kuliko mfuko wa kitambaa, hata ukiwa mzuri vipi. Ala isichezecheze ndani. Nafasi tupu, hasa chini ya shingo ya gitaa au udi, ijazwe nguo laini. Nyuzi zilegezwe kiasi, zisitolewe zote. Ngozi ya ngoma nayo ilegezwe ikiwa aina yake inaruhusu, kwa sababu hewa ya ndege ni kavu mno, unyevu wake ukiwa chini ya asilimia 20 katika safari ndefu, na ngozi iliyozoea unyevu wa pwani yetu hujikaza ikikauka mpaka ikachanika. Ikifika ugenini isifunguliwe papo hapo kwenye baridi wala kwenye joto la hita. Iachwe kashani saa kadhaa izoee. Kwa kuwa maafisa wa usalama wanaweza kulifungua kasha mwenyewe asiwepo, karatasi iliyoandikwa kwa Kiingereza inayoonyesha namna ya kuirudisha ala humsaidia mtu asiyewahi kuona qanuni maishani mwake. Picha zipigwe siku ya safari, ala ikiwa nzima, kasha likiwa wazi, na kibandiko cha mzigo kikionekana.

Mhudumu akimpa mwanamuziki kibandiko cha kutia sahihi kwamba mzigo ni dhaifu au haukufungwa vya kutosha, asome kwanza. Sahihi hiyo inaweza kulipunguzia shirika dhamana ya kuvunjika kwa ala.

Ikivunjika, muda ndio jambo kubwa. Mwaka 2008 mwanamuziki wa Kanada, Dave Carroll, alipanda ndege ya shirika kubwa la Marekani kupitia Chicago, na gitaa lake la dola 3,500 likavunjika mikononi mwa wapakiaji. Matengenezo yalimgharimu dola 1,200. Shirika lilikataa kumlipa kwa hoja kwamba hakuwasilisha madai ndani ya saa 24. Baada ya kuzungushwa kwa miezi, alitunga wimbo juu ya mkasa huo na kuuweka mtandaoni Julai 2009, ukatazamwa na mamilioni ya watu. Si kila mwenye chapuo iliyopasuka atapata bahati ya wimbo wa namna hiyo.

Kwa safari za kimataifa, Kenya ni mwanachama wa Mkataba wa Montreal wa mwaka 1999. Chini ya mkataba huo, mzigo uliokabidhiwa ukiharibika, malalamiko ya maandishi yanatakiwa yafike kwa shirika ndani ya siku 7 tangu mwenyewe aupokee. Mzigo ukichelewa, ni siku 21 tangu ulipokabidhiwa kwake. Fidia ina kikomo: tangu mwisho wa Desemba 2024 ni vipimo 1,519 vya fedha za SDR, ambazo hukokotolewa na IMF, karibu dola 2,000 za Marekani kwa abiria mmoja. Mwenye ala ya thamani zaidi anaweza kutangaza thamani yake kwa maandishi kabla ya kuikabidhi na kulipa ada ya ziada ikitakiwa, na hapo kikomo hicho hupanda hadi thamani iliyotangazwa. Ala aliyoingia nayo mwenyewe ndani ya ndege hulipwa tu ikithibitika kwamba kosa ni la shirika au watu wake. Njia salama ni kufungua kasha palepale uwanjani, kabla ya kupita forodha, na kutotoka bila hati ya shirika yenye namba ya malalamiko.

Betri zina kanuni yake. Betri za ziada za lithiamu, pamoja na zile za kuchajia simu, haziruhusiwi kabisa kwenye mizigo ya chini. Huingia na abiria, ncha zake zikiwa zimefunikwa. Kikomo cha kawaida ni uwezo wa saa-wati 100, na ikizidi hapo mpaka 160 kunahitajika ruhusa ya shirika. Tarehe 28 Januari 2025 ndege ya Air Busan ilishika moto uwanjani Busan, Korea Kusini, kabla ya kuruka. Moto ulianzia kabati la juu, na wachunguzi walieleza kwamba huenda chanzo ni betri ya kuchajia. Watu wote 176 walitoka kwa mitelezo. Kwa hiyo maikrofoni zisizo na waya, spika za kubeba na vinanda vya umeme vikaguliwe betri kabla ya kufungwa, na betri za kuchajia ziwekwe mahali mwenyewe anapoziona. Wapiga ngoma waliozoea kukaza ngozi kwa moto wakumbuke pia kwamba petroli, mafuta ya taa na gundi zinazowaka haraka hazipandi ndege, juu wala chini. Koleo, bisibisi na visu vya kuwambia ngoma vishuke chini na mizigo.

La mwisho ni kile ala ilichotengenezwa nacho, ambacho kinaweza kuizuia hata ikiwa imefungwa vizuri kuliko zote. Kayamba ina mbegu ndani yake, na ngoma ina ngozi. Nchi kama Australia hutaka vitu hivyo vitajwe kwenye fomu ya kuingilia na vikaguliwe, na visipotajwa huchukuliwa na mwenyewe hutozwa faini. Ala zilizowambwa ngozi ya kenge au chatu, na zenye pembe za ndovu hata kipande kidogo, zimo katika mkataba wa CITES wa biashara ya viumbe vilivyo hatarini. Kwa zile zinazoruhusiwa kusafiri, tangu mwaka 2013 nchi wanachama zimekubaliana juu ya cheti cha ala ya muziki kinachodumu miaka 3, ili msanii asiombe kibali kipya kila safari. Kwa Kenya, maombi hupelekwa kwa Shirika la Huduma kwa Wanyamapori, KWS, na yanahitaji muda, kwa hiyo yasubiri viza ipatikane ndipo yaanze ni kuchelewa. Mpingo ulitia wasiwasi wapigaji wa klarineti na nzumari mwaka 2017, jamii yake yote ilipoingizwa kwenye orodha, lakini tangu Novemba 2019 ala zilizokamilika zimeondolewa katika sharti hilo. Nzumari ya mpingo inapita. Yenye kipande cha pembe ya ndovu mdomoni ibaki nyumbani.